Shaka Baada ya Ununuzi: Mfano wa Kinasavideo cha Dijitali cha Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkanya mtu asiyesikia la mkuu hadi avunjike guu. Hata hivyo, ipo namna ya majuto ambayo methali hiyo haiielezi barabara. Mtu amefanya uchunguzi, amelinganisha bei, amewauliza waliomtangulia, kisha akanunua. Bidhaa aliyoinunua inafanya kazi jinsi ilivyoahidiwa. Pamoja na hayo yote, kabla ya siku kupita nyingi, anaanza kujiuliza iwapo hakustahili kununua ile nyingine, au kungoja kidogo, au kutonunua kabisa. Hajapata hasara wala hajalaghaiwa na yeyote. Jambo analolijutia halijatokea bado, na pengine halitatokea.

Makala haya yananuia kuichunguza hali hiyo ya nafsi kwa kutumia mfano wa bidhaa moja: kinasavideo cha dijitali cha nyumbani, yaani chombo kinachorekodi vipindi vya televisheni kwenye diski ili vitazamwe baadaye. Tumekiteua chombo hiki kwa sababu tatu. Kwanza, ni chombo ambacho bei yake haiishii dukani, kwa kuwa mnunuzi hulazimika kulipia huduma inayoandamana nacho. Pili, teknolojia yake ilibadilika kwa kasi kiasi kwamba aliyenunua mapema na aliyechelewa wote walikuwa na jambo la kujutia. Tatu, historia yake sasa inajulikana tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na kwa hivyo tunaweza kupima ni shaka zipi zilizokuwa na msingi na zipi zilizokuwa bure. Kwa kuwa kitovu cha historia hiyo ni Marekani, sehemu kubwa ya mifano yetu itatoka huko. Tutagusia Kenya pale tu ambapo uhusiano upo.

Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tuyafafanue maneno machache. Neno kinasavideo limeundwa kwa ruwaza iliyozoeleka katika Kiswahili, ambapo kiambishi ki- cha ala hutangulia kitenzi, nacho kitenzi kikafuatwa na nomino. Ndivyo tulivyopata kipaza sauti, kipima joto na kinasa sauti. Kitenzi nasa chenyewe hutukumbusha mtego: ndege hunaswa, samaki hunaswa, na sauti au picha nayo hunaswa isipotee hewani. Vizazi vilivyotangulia vilitumia deki ya kanda. Kinasavideo cha dijitali hakina kanda, bali kina diski ngumu sawa na ile ya kompyuta.

Aidha, tunapendekeza kutenganisha dhana tatu ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kusita ni hali ya mtu ambaye hajaamua. Majuto ni uchungu wa mtu ambaye ameamua na matokeo mabaya yamekwisha kudhihirika. Katikati ya hizo mbili kuna shaka, yaani hali ya mtu aliyekwisha kuamua ilhali matokeo hayajabainika. Anayesita anaweza bado kuacha, na anayejuta angalau anajua kilichomponza. Mwenye shaka hana faraja ya aina yoyote kati ya hizo. Hali inayotushughulisha katika makala haya ni shaka, ijapokuwa watu wengi huiita majuto.

Chimbuko la Kinasavideo

Wazo la kurekodi televisheni nyumbani halikuanza na dijitali. Kampuni ya Sony ilitoa deki ya Betamax mwaka 1975, nayo JVC ikatoa mfumo wa VHS mwaka 1976. Kanda ya kwanza ya Betamax ilichukua saa moja tu, ilhali ya VHS ilichukua saa mbili, tofauti ambayo ilikuwa na uzito kwa aliyetaka kurekodi filamu nzima. Walionunua Betamax walikuja kushuhudia mfumo wao ukitupwa kando na soko. Kwa hakika, hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya shaka ya mnunuzi katika uwanja huu.

Kulikuwa pia na shaka ya kisheria. Mwaka 1976, kampuni za Universal na Disney ziliishtaki Sony zikidai kuwa deki hizo zilikuwa vyombo vya kukiuka hakimiliki. Kesi hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1984, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama wakati mwingine ni matumizi halali. Lau jaji mmoja tu angebadili msimamo, historia tunayoisimulia ingechukua mkondo mwingine.

Kinasavideo cha dijitali kilizuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997, Jim Barton na Mike Ramsay walianzisha huko California kampuni iliyokuja kujulikana kama TiVo. Mwaka huo huo, Anthony Wood alianzisha kampuni ya ReplayTV. Bidhaa za kampuni hizi mbili ziliingia sokoni mwaka 1999. Mnunuzi wa mwanzo alikuwa na hiari ya kununua TiVo au ReplayTV, ya kununua chombo chenye diski ndogo au kubwa, na pia ya kubaki na deki yake ya kanda iliyokuwa ingali nzima.

Jinsi Kinavyofanya Kazi

Utendaji wa chombo hiki ni rahisi kueleza. Mawimbi ya televisheni yakiingia, hubadilishwa kuwa data ya dijitali, data hiyo ikabanwa ili isichukue nafasi kubwa, kisha ikaandikwa kwenye diski. Diski ina uwezo wa kuandika na kusoma karibu kwa wakati mmoja. Kutokana na uwezo huo, mtazamaji anaweza kuanza kutazama kipindi kabla hakijamalizika kurekodiwa, jambo ambalo deki ya kanda haikuliweza.

Uwezo huo ndio uliozaa maajabu yaliyowavutia watu. Chombo cha TiVo kilirekodi mfululizo idhaa iliyofunguliwa hata pale ambapo hakuna aliyekiagiza, kikihifadhi dakika 30 za mwisho. Simu ikilia, mtazamaji aliweza kusimamisha kipindi kilichokuwa kikipeperushwa moja kwa moja, akaongea, kisha akaendelea pale alipoachia. Aliweza pia kurudi nyuma na kulitazama bao alilolikosa.

Jambo la pili lilikuwa ratiba. Kila siku chombo kilipiga simu kwa kutumia waya wa simu ya nyumbani na kupokea orodha ya vipindi vya siku zijazo. Mtu hakuhitaji kujua saa wala idhaa. Alitaja jina la mfululizo wa vipindi, nacho chombo kikavitafuta na kuvinasa vyote. Mtazamaji aliweza pia kukionyesha chombo kwa kitufe kwamba amependezwa au hakupendezwa na kipindi, nacho kikajifunza kumpendekezea vingine.

Ni muhimu msomaji atambue kwamba thamani ya chombo hiki iligawanyika mara mbili. Nusu ilikuwa ndani ya kasha lililowekwa sebuleni. Nusu ya pili ilikuwa ile ratiba iliyotoka nje, mikononi mwa kampuni. Ratiba ikikatika, kasha hupoteza uwezo wake mwingi. Sehemu kubwa ya shaka tutakazozijadili imetokana na mgawanyiko huu.

Mianzo ya Shaka

Shaka za mnunuzi wa kinasavideo tunaweza kuzigawa katika mafungu manne: ada, ukubwa wa diski, uchakavu wa teknolojia, na matumizi.

Tuanze na ada. Mwaka 1999 mteja wa TiVo alitakiwa kulipa dola 9.95 kila mwezi, au dola 199 mara moja kwa huduma ya maisha. Hesabu ni nyepesi: dola 199 ukizigawa kwa dola 9.95 unapata miezi 20. Anayekusudia kukitumia chombo kwa zaidi ya miezi 20 hunufaika kwa kulipa mara moja, na anayehofia kwamba kitaharibika au kampuni itafilisika kabla ya hapo hunufaika kwa kulipa kila mwezi. Ila hesabu hiyo haikumwondolea mtu shaka, kwa sababu ilitegemea jambo lisilojulikana, yaani umri wa chombo na wa kampuni. Isitoshe, neno maisha katika mkataba huo lilihitaji kusomwa kwa makini. Halikumaanisha maisha ya mnunuzi, bali maisha ya chombo. Chombo kikifa, huduma hufa nacho. Mwanafunzi wa semantiki atautambua hapa utata wa kawaida wa nomino isiyotajiwa mwenyewe. Mnunuzi naye aliutambua kwa fedha zake.

Fungu la pili ni ukubwa wa diski. TiVo ya mwanzo iliuzwa kwa saa 14 au saa 30. Saa hizo zilihesabiwa kwa picha ya ubora wa chini kabisa, na aliyetaka picha safi alipata saa chache zaidi. Sababu yake ni ya kihesabu. Picha ya kawaida iliyobanwa kwa kiwango cha megabiti 4 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.8 kwa saa moja. Kwa hivyo diski ya gigabaiti 40 huhifadhi saa 22 hivi. Ilipokuja televisheni ya picha yenye ubora wa juu, ambayo nchini Marekani hupeperushwa angani kwa kiwango cha hadi megabiti 19.39 kwa sekunde, saa moja ilidai karibu gigabaiti 8.7. Diski ile ile iliyotosha saa 22 ikawa haitoshi hata saa 5. Diski haikuwa imeharibika. Viwango vya nje ndivyo vilivyokuwa vimehama.

Fungu la tatu, uchakavu wa teknolojia, linafuata kutokana na hilo. Mfano wa ReplayTV unafaa. Mnamo mwaka 2001, kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya SONICblue, ilitoa chombo kilichoweza kuruka matangazo ya biashara chenyewe na kutuma vipindi kwa watu wengine kupitia intaneti. Kampuni za filamu na televisheni zikaishtaki. Mwaka 2003 SONICblue iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, ReplayTV ikauzwa, na chombo kilichotolewa na wamiliki wapya mwaka huo hakikuwa tena na uwezo huo wa kuruka matangazo chenyewe wala wa kutuma vipindi kwa wengine. Aliyekuwa amesubiri toleo jipya kwa kuamini kuwa jipya lazima lipite la zamani alikuta kwamba kungoja kumempunguzia. Mfano huu unaonyesha udhaifu wa ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba mnunuzi wa vyombo vya elektroniki asikose kungoja. Mara nyingi ushauri huo ni sawa, lakini si kila mara.

Kisha kuna utangamano. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikuu vya televisheni nchini Marekani viliacha kupeperusha matangazo kwa analogi. Vinasavideo vya awali vilivyopokea mawimbi ya angani ya analogi pekee havikuweza tena kunasa chochote kutoka antena bila kifaa cha kubadilisha mawimbi. Chombo kilikuwa kizima, diski yake ikizunguka, ada yake ya maisha ikiwa imelipwa, ila hapakuwa na kitu hewani ambacho kingeweza kukifahamu.

Fungu la nne, matumizi, ndilo linalozungumzwa kwa nadra, ingawa pengine ndilo zito zaidi. Kinasavideo huongeza vipindi vinavyopatikana bila kuongeza saa za siku. Mtu aliyelalamika kwamba anakosa vipindi kwa ukosefu wa muda hugundua kwamba sasa anavyo vipindi hivyo vyote, bado muda hana. Diski hujaa. Orodha ya vilivyonaswa inageuka kuwa orodha ya kazi zisizotekelezwa. Hapa shaka hailengi tena chombo, bali humgeukia mnunuzi mwenyewe: je, alihitaji chombo, au alihitaji kupunguza televisheni?

Nafsi ya Mnunuzi

Kufikia hapa tumezungumza kana kwamba shaka hutokana na bidhaa tu. Wanasaikolojia wanatuonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1957, Leon Festinger alichapisha nadharia ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita nadharia ya ukinzani wa fikra. Kulingana na nadharia hii, binadamu anapokuwa na mawazo mawili yanayopingana, hupata dhiki, na dhiki hiyo humsukuma kuyapatanisha mawazo hayo. Mtu anayejua kuwa amechagua TiVo, na vilevile anajua kuwa ReplayTV ilikuwa na sifa nzuri, yumo katika dhiki hiyo. Kadiri bidhaa mbili zinavyokaribiana kwa ubora ndivyo dhiki inavyozidi. Ndiyo maana mtu mwangalifu, aliyepunguza orodha yake hadi akabakiwa na mbili nzuri, anaweza kuteseka kuliko aliyechukua ya kwanza aliyoiona. Waswahili waliligusia jambo lililo karibu na hili waliposema kwamba mchagua nazi hupata koroma, ingawa methali hiyo hulaumu matokeo, nayo nadharia huangazia maumivu ambayo huwapo hata pale nazi ilipokomaa.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Festinger, Jack Brehm alikuwa amechapisha matokeo ya jaribio lililotumia vyombo vya nyumbani. Aliwaomba wanawake wavipe alama vyombo kadhaa, kisha akawapa nafasi ya kuchukua kimoja kati ya viwili. Walipovipa alama tena, wengi walikipandisha kile walichokichukua na kukishusha kile walichokiacha. Vyombo havikuwa vimebadilika, ni wanawake wenyewe waliokuwa wakijipatanisha na uteuzi wao. Mwaka 1957, Danuta Ehrlich na wenzake walionyesha kwamba watu waliokuwa wametoka kununua gari jipya walisoma zaidi matangazo ya biashara ya gari lile lile walilolinunua. Mtu angedhani kuwa baada ya kununua hakuna haja ya kusoma tangazo. Kumbe msomaji mkubwa wa sifa ni yule aliyekwisha kulipa, maana ndiye anayetafuta kuambiwa kwamba alifanya vyema.

Utafiti unaohusu moja kwa moja suala la kurejesha bidhaa ni ule wa Daniel Gilbert na Jane Ebert, uliochapishwa mwaka 2002. Wanafunzi wa upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza picha mbili na kuruhusiwa kubaki na moja. Baadhi waliambiwa kuwa wanaweza kubadilisha mawazo katika siku chache zilizofuata, na wengine wakaambiwa kuwa uamuzi ni wa mwisho. Walioruhusiwa kubadilisha waliipenda picha yao kidogo kuliko wale walionyimwa ruhusa. Jambo la kushangaza ni kwamba watu hawalitarajii hilo, kwa maana wakipewa hiari, hupendelea kuacha mlango wazi.

Matokeo haya yana maana kubwa kwa mnunuzi wa kinasavideo. Ahadi ya duka kwamba bidhaa inaweza kurejeshwa katika siku kadhaa ni kinga ya fedha zake. Wakati huo huo, ahadi hiyo huirefusha shaka. Katika siku hizo zote nafsi haijipatanishi na chombo, kwa kuwa haijakiona bado kuwa ni chake. Kila dosari ndogo hupimwa kama sababu ya kukirudisha. Siku ya mwisho ikipita, dosari zile zile huanza kuitwa mazoea. Hatusemi kwamba haki ya kurejesha ni mbaya. Sheria za nchi nyingi huilinda, na katika nchi za Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa bidhaa nyingi zinazouzwa kutoka mbali ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Tunachosema ni kwamba siku hizo zina kazi yake, na kazi hiyo ni kukijaribu chombo, wala si kuendelea kusoma sifa za vyombo vingine.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Hal Arkes na Catherine Blumer, katika utafiti wa mwaka 1985, walionyesha kwamba watu waliolipa bei kamili ya tikiti za msimu wa michezo ya kuigiza walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopewa punguzo, ingawa mgao wa bei ulifanywa kwa bahati nasibu. Fedha zilizokwisha kutoka, ambazo haziwezi kurudi, ziliendelea kuwaamuru. Mwenye kinasavideo aliyelipa ada ya maisha anaweza kuendelea kukitumia chombo kisichomfaa kwa sababu hiyo hiyo. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa maji yakimwagika hayazoleki, ila kulijua jambo na kulitenda ni mambo mawili.

Kuipima Shaka

Iwapo shaka hutokana na bidhaa na vilevile na nafsi, mnunuzi atajuaje ni ipi ya kusikilizwa? Tunapendekeza vigezo vitatu.

Kigezo cha kwanza ni chanzo cha habari. Shaka inayofuata jambo jipya lililogunduliwa baada ya kununua, kwa mfano kwamba chombo hakipokei mawimbi yanayotumika mahali anapoishi mtu, ni shaka ya haki. Shaka inayorudia habari ambazo mnunuzi alizijua na kuzipima kabla ya kulipa haina jipya la kumwambia.

Kigezo cha pili ni swali la leo. Mnunuzi asijiulize iwapo alipaswa kununua. Ajiulize iwapo, akipewa leo ama chombo hicho ama fedha atakazorudishiwa, angechagua kipi. Swali hili huyaacha nje yaliyokwisha kupita na kubakisha yale ambayo bado yamo mikononi mwake. Duka likiwa limekwisha kufunga mlango wa kurejesha, swali hugeuka na kuwa: je, bei ya kukiuza chombo kilichotumika inazidi manufaa yake kwangu?

Kigezo cha tatu ni kutenganisha chombo na huduma. Sehemu iliyo sebuleni inaweza kupimwa kwa macho, lakini ile inayotoka nje haipimiki hivyo. Mfano wa Uingereza unatufunza. TiVo iliingia huko mwaka 2000, ikiwa na ada ya pauni 10 kwa mwezi au pauni 199 kwa huduma ya maisha, na miaka michache baadaye chombo hicho kiliacha kuuzwa. Waliokuwa wamelipa pauni 199 walikuwa na kila sababu ya kuingiwa na hofu, na wengi wangesema kuwa wamepotea. Hata hivyo, ratiba iliendelea kuwafikia hadi Juni 2011. Aliyelipa mwaka 2000 na chombo chake kikadumu alihudumiwa kwa muda unaozidi miaka kumi kwa bei ya takriban miezi 20. Shaka yake ilikuwa na mantiki, ila haikutimia. Ilipozimwa hatimaye mwaka 2011, hakuna alichoweza kudai, kwa kuwa maisha yaliyoahidiwa hayakuwa yake.

Kenya na Hatima ya Chombo

Katika upande wetu wa dunia, kinasavideo cha nyumbani kilifika hasa kupitia televisheni ya kulipia. Kampuni ya MultiChoice ilizindua kinasavideo cha DStv nchini Afrika Kusini mwaka 2005, ikafuatisha kile kiitwacho Explora mwaka 2013. Mteja wa Kenya anayetumia chombo cha aina hiyo anazitambua shaka tulizozieleza, maana juu ya ada ya idhaa huongezwa ada ya kutumia uwezo wa kunasa.

Hata hivyo, kaya nyingi za Kenya ziliijua shaka hii kwa kupitia chombo kingine. Nchi ilipohama kutoka analogi hadi dijitali mwanzoni mwa mwaka 2015, kila aliyekuwa na televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi. Palikuwa na ving'amuzi vya bure kutazama na vya kulipia kila mwezi, vya antena na vya dishi. Mwezi wa Februari mwaka huo mitambo ya analogi ilizimwa, na vituo vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa siku 19 huku mgogoro wao na mamlaka ukiendelea. Aliyekuwa amenunua king'amuzi siku chache kabla alikaa mbele ya chombo kipya asiweze kuipata idhaa aliyokinunulia. Wapo waliokimbilia kununua cha pili. Kisha vituo vikarudi. Kwa vigezo tulivyovitaja, shaka ya siku zile 19 ilikuwa juu ya huduma, si juu ya chombo, na aliyelitambua hilo hakuwa na haja ya kununua tena.

Ama kinasavideo chenyewe, enzi yake imefifia. Tangu Netflix ilipoanza kupeperusha filamu kupitia intaneti mwaka 2007, haja ya kunasa kipindi ili kisipotee imekuwa ikipungua, kwa sababu kipindi kinamsubiri mtazamaji huko kilipo. Mwaka 2025 TiVo iliacha kuuza vinasavideo. Anthony Wood wa ReplayTV alikuwa amekwisha kuanzisha Roku, kampuni inayostawi kwa njia hiyo mpya.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba shaka ya mnunuzi si majuto, na kwamba ina vyanzo viwili ambavyo havina budi kutenganishwa. Kimoja kimo katika bidhaa: ada zisizokoma, diski inayojaa, mawimbi yanayobadilika na kampuni zinazofilisika. Kingine kimo katika nafsi, ambayo huteseka zaidi pale ilipochagua kwa makini na pale ilipoachiwa mlango wazi. Kadhalika, tumeona kwamba matokeo hayakufuata hofu za watu. Wapo waliongoja wakapata pungufu, na wapo waliolipia huduma ya chombo kilichokosa soko wakahudumiwa miaka kumi.

Suala hili halijapitwa na wakati pamoja na chombo chake. Simu, programu za kompyuta, hata vitabu vya kielektroniki sasa huuzwa kwa namna ile ile: kasha ni la mnunuzi, uhai wake ni wa muuzaji. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi hapa. Mikataba ya huduma hizi huwafikia Wakenya kwa Kiingereza kizito, na tafsiri inapokuwapo, maneno kama maisha, milki na huduma hutumiwa bila kubainishwa ni ya nani na hadi lini. Mnunuzi aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anachonunua ni maisha ya kasha, wala si yake, huenda akanunua vilevile. Shaka yake, angalau, itakuwa juu ya jambo analolijua.